Sikio la ami limeziba miezi minane, sasa kuna tezi shingoni. Tupasue? (mrejesho upo chini)

#1 mwana_barani, Malindi

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, leo nimebanwa, imebidi niandike.

Ami yangu ni fundi wa majahazi huko Amu, miaka hamsini na kitu, mtu wa kalafati na misumari tangu utotoni. Baada ya Ramadhani ya mwaka jana sikio lake la kushoto likaanza kuziba. Akasema ni maji ya bahari. Akatiwa matone. Halikuzibuka. Akasafishwa taka za sikio, akapewa antibiotiki mara mbili, kisha dawa ya aleji. Kila anayemtazama anamulika sikio, anaandika, tunarudi nyumbani.

Katikati ya hayo, asubuhi akipenga kamasi, leso inatoka na uzi wa damu. Mwembamba tu. Yeye anasema ni joto. Sikuhesabu kitu.

Sasa mwezi wa pili huu ana tezi shingoni, chini ya sikio lilo hilo, kubwa kama yai la njiwa. Ngumu, na haimuumi hata ukiibonyeza. Kwa kuwa haimuumi, mwenyewe amefurahi. Nimemvusha Mokowe, nimempandisha basi, yuko kwangu Malindi. Kliniki moja imetwambia tumlete Alhamisi wampasue shingo waitoe tezi nzima, wakapime.

Leo ni Jumatatu. Nipeni akili.

#2 chui_wa_shela

Hiyo ni TB ya tezi, kaka. Nimeona wengi. Mpime kohozi, aanze dawa za miezi sita, tezi itanywea yenyewe. Msihangaike na visu.

#3 NesiMstaafu, Lamu

Mwanangu mwana_barani, usimpeleke Alhamisi. Nimeshika mikasi chumba cha upasuaji miaka mingi, na miaka mingine nimekaa na daktari wa masikio, pua na koo, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Sikio la kati lina mrija. Mrija huo unateremka kwa ndani na kufungukia nyuma ya pua, juu ya kimio, pale ambapo mtu akifungua mdomo huwezi kupaona. Ndio huo unaofanya masikio yaliyoziba yafunguke ukimeza mate. Mdomo wa mrija ukizibwa na kitu, maji hukaa nyuma ya kiwambo cha sikio, mtu anasikia kama amezamia. Utatia matone mpaka Kiyama, tatizo haliko sikioni.

Mtoto mdogo akiwa hivyo, mara nyingi ni mafua na nyama za pua. Mtu mzima, sikio moja, miezi, hana mafua? Lazima patazamwe nyuma ya pua. Ukiongeza damu kwenye kamasi na tezi ngumu upande ule ule, mimi sitasubiri hata wiki.

chui_wa_shela hakukosea kabisa, TB ya tezi tunayo nyingi. Ila TB haianzishwi kwa kubahatisha. Tezi idungwe sindano nyembamba, ivutwe seli kidogo zikatazamwe kwa darubini. Sindano hiyo itakwambia mengi na haiachi jeraha. Kuipasua shingo kabla hujatazama pua ni kuvunja dirisha na mlango uko wazi. Unaacha kovu, unavuruga tishu, na kama ni kile ninachokihofia, atakayetibu baadaye atakuta kazi imeharibiwa.

Tafuta daktari wa masikio, pua na koo mwenye kamera. Hospitali ya Makadara pale Mombasa wapo.

#4 fundi_matondoni

Nesi, kwa heshima. Sisi huku tumeona mtu akishakatwa kinyama ndipo ugonjwa unapopanda. Marehemu jirani yangu alikuwa anatembea, akafanyiwa hiyo biopsi, miezi mitatu tukamzika. Kansa ikiguswa na chuma inakasirika. Kwani hamlijui hilo?

#5 NesiMstaafu, Lamu

Fundi, nalijua sana, nimeambiwa mlangoni na ndugu wa wagonjwa mara zisizohesabika. Mungu amrehemu jirani yako. Lakini jiulize alikwenda lini. Wengi wetu tunakwenda wakati jahazi limeshajaa maji, halafu tunamlaumu aliyekuja kupima kina. Kinyama kinachokatwa nyuma ya pua ni kama punje ya mchele. Hakiamshi kitu kilicholala, hicho kitu kiko macho zamani.

Na bila kinyama hakuna dawa. Hakuna daktari mwenye akili atakayempiga mtu mionzi kichwani kwa kukisia.

#6 mwana_barani, MREJESHO WA KWANZA

Alhamisi sikwenda kliniki. Tulishuka Mombasa Jumatano. Nawaandikia kwa kirefu kwa sababu nilitafuta maelezo kama haya kwa Kiswahili nikakosa.

Daktari ni mama mmoja mpole, maneno machache. Alimsikiliza ami mpaka mwisho, akaishika tezi, akatazama sikio, akasema, "Mzee wangu, sikio lako nimeliona. Sasa nataka kuona linakofungukia." Nikakumbuka Nesi.

Ami akakaa wima kwenye kiti, kichwa kimeegemea. Akapuliziwa dawa puani, moja ya kufungua njia, nyengine ya ganzi. Chungu kama shubiri, na ikateremka. Baada ya dakika chache ami akanigeukia akaniambia, "Koo langu limeondoka." Ndio ganzi hiyo, unameza lakini huhisi unachomeza. Daktari akasema ni kawaida, apumue kwa pua, asihofu.

Kifaa chenyewe ni mpira mweusi mwembamba, unene wake umezidi kidogo tu mrija wa wino ndani ya biro. Ncha yake ina taa na jicho, na daktari anaipinda kwa kidole gumba. Ukaingia tundu la kulia. Ami alikunja uso, chozi likamtoka jicho moja, lakini hakulia wala hakukohoa. Mimi nilikuwa natazama skrini.

Wallahi sikujua kichwa cha mtu kina pango kama lile. Njia ya waridi, inang'aa, halafu inapanuka ghafla. Upande wa kulia nikaona mdomo wa ule mrija wa sikio, na nyuma yake kishimo, kama kishimo cha shavu la mtu anapocheka. Daktari akamwambia ameze. Mdomo ule ukafunguka na kufunga kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Kisha akageuza jicho kushoto. Hakuna kishimo. Pamejaa kinyama chenye mabonge, chekundu kuliko jirani zake, na michirizi ya damu juu yake. Mdomo wa mrija hauonekani kabisa. Daktari hakusema neno, alipiga picha tatu.

Shughuli yote haikufika dakika tano. Baadaye akaambiwa asile wala kunywa kwa saa nzima mpaka ganzi iishe, chai ya moto hasa, maana itamuunguza na hataisikia, au imkwame kooni. Ami saa ile ile akaanza kuulizia kahawa tungu. Ilibidi nimshike mkono.

Akatuchorea kwenye karatasi. Akasema hiyo sehemu inaitwa nasofarinksi, koo la juu kabisa, na kile kishimo ndiko saratani ya hapo hupenda kuanzia. Hakusema ni saratani. Alisema, "Kamera inaonyesha mahali. Jina la ugonjwa linatoka kwenye kinyama."

Kinyama hakikukatwa siku hiyo. Aliuliza dawa anazokunywa, ami akasema hakuna. Nikamkumbusha kile kidonge kidogo cheupe cha kila asubuhi. Aspirini ya moyo! Yeye anakihesabu kama peremende. Daktari akasema pale pana damu nyingi, kwanza azungumze na anayemtibu moyo, asikiache mwenyewe kwa kichwa chake. Tumepewa tarehe.

#7 BiKhanga

Pole kwa ami, na ahsante kwa kueleza. Je, hiyo kamera inauma kweli? Binti yangu ana miaka kumi na mbili, anakoroma, ana nyama za pua, naogopa atakataa.

#8 mwana_barani

Ami anasema haiumi, inakera. Kama maji ya bahari yalipokuingia puani ukiwa mdogo, basi. Kilichomsumbua zaidi ni uchungu wa dawa.

#9 NesiMstaafu

BiKhanga, watoto wa umri huo wanastahimili vizuri wakielezwa kabla. Mwambie daktari amwonyeshe mpira wenyewe kwanza, aushike. Na usianze kuogopa saratani kwa sababu ya mkoromo, nyama za pua za watoto ni jambo la kila siku.

#10 mwana_barani, MREJESHO WA PILI

Ndugu zangu, hapa patamu na pachungu.

Kinyama kilikatwa, ami akiwa macho. Safari hii pamba iliyoloweshwa ganzi ilikaa puani kwa muda, kisha akatumia kamera ya chuma iliyonyooka badala ya ule mpira, na pembeni yake kikoleo kirefu chenye meno madogo. Unasikia tu "kwich". Mara tatu. Vipande vitatu, kila kimoja punje ya mchele, vikatumbukizwa kwenye chupa ya fomalini. Damu ilitoka, akainamishwa mbele, akabanwa pua, akapewa barafu anyonye. Baada ya nusu saa ilikauka. Akaambiwa asipenge kamasi kwa nguvu na asibebe mizigo siku kadhaa.

Chupa nikapewa mimi niipeleke maabara moja. Siku zikapita, kimya. Siku ya sita napiga simu, naambiwa bado hawajaanza, chupa imekaa rafuni kwa sababu fomu haikuandikwa kinyama kimetoka sehemu gani ya mwili. Siku sita! Na namba yangu ya simu ilikuwa pale pale juu ya fomu. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Basi nawausia, kabla hujaondoka na chupa soma fomu: jina, umri, sehemu kilipotoka, upande wa kulia au kushoto, na jina kwenye chupa lifanane na la kwenye fomu. Piga picha vyote viwili.

Majibu yalipotoka: mchochota tu, seli za saratani hazikuonekana. Mke wa ami huko Amu akapiga vigelegele kwenye simu, watu wakaanza kuchangia mbuzi.

Nikampelekea daktari karatasi huku natabasamu. Akaisoma mara mbili. Akafungua zile picha tatu. Akasema, "Nilichokiona kwa jicho hakifanani na karatasi hii." Akaeleza kwamba uvimbe wa pale mara nyengine umelala chini ya utando, kikoleo kinachukua ngozi ya juu tu iliyowaka, chenyewe kinabaki chini. Kwa hiyo: emarai (MRI, picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) kuona umekwenda kina gani, kisha arudie kukata, mara hii akiwa amelazwa usingizi, achukue ndani zaidi. Na tezi ya shingo idungwe sindano.

Ami amekasirika. Anasema ameambiwa mzima, kwa nini atafutiwe ugonjwa. Nimekaa naye barazani mpaka saa sita usiku. Mwisho akauliza, "Huyo mama alikiona kweli?" Nikamwambia mimi pia nilikiona. Akasema basi.

#11 fundi_matondoni

Nasoma kimya. Endelea.

#12 mwanafunzi_tiba

Niko mwaka wa nne wa udaktari, kwetu Watamu. Daktari huyo amefanya sawa kabisa. Tunafundishwa kwamba picha na kinyama vikipingana, hufungi faili, unarudia kukata.

Hadithi ya chupa iliyokaa rafuni imenikumbusha jambo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, aliandika kuhusu uvimbe wa mataya ya watoto. Miaka michache baadaye Anthony Epstein wa London akawa anapelekewa vinyama vya uvimbe huo kwa ndege kutoka Kampala, na kwa muda mrefu hakupata kitu. Mwisho wa 1963 ndege moja ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaenda Manchester. Kinyama kilipomfikia maji yake yalikuwa yamevurugika kama yameoza. Karibu angeyatupa. Akayatazama kwa darubini, akakuta seli zinaelea, hai. Kutokana na seli hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi kipya mwaka 1964. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, na baadaye kikakutwa ndani ya saratani hii ya nyuma ya pua.

Kabla hamjaanza kuogopana: zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanacho, kinapita kwa mate, wengi tangu utotoni. Walio wengi hakiwafanyi lolote. Kwa hiyo msije mkamuuliza ami alimbusu nani.

#13 chui_wa_shela

Haha. Sasa kama si mate ni nini? Nimesoma mahali kuwa samaki wa chumvi ndio chanzo. Tuache ng'onda?

#14 fundi_matondoni

Ng'onda siachi. Babu yangu kala ng'onda miaka themanini.

#15 mwanafunzi_tiba

Kilichowekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ni samaki wa chumvi wa namna ya Kichina, wanaolishwa watoto tangu wanaachishwa ziwa. Kusini mwa China ndiko ugonjwa huu ulikojaa. Ng'onda wetu si huyo, ingawa mimi mtoto mchanga nisingemzoeza chumvi nyingi hivyo. Kenya hii nayo haiko salama: miaka ya 1960 daktari Peter Clifford alichunguza wagonjwa wengi, hasa kutoka bara, akawa na shaka na moshi wa kuni ndani ya nyumba. Tumbaku inaongeza hatari pia. Wanaume huugua zaidi kuliko wanawake, na wapo hata vijana wa miaka ishirini.

#16 BiKhanga

Jamani turudini kwa ami. Majibu?

#17 mwana_barani, MREJESHO WA TATU

Yametoka jana. Nilisubiri mpaka leo ili niweze kuandika bila mikono kutetemeka.

Ni saratani ya nasofarinksi. Kinyama cha pili, kile cha ndani, kimeonyesha wazi, na sindano ya shingo imetoa seli zile zile. Ile rangi maalumu ya kutafuta kirusi cha mwanafunzi_tiba imewaka. Emarai imeonyesha imegusa mfupa wa chini ya fuvu, ndiyo maana akalalamika kichwa upande mmoja na sisi tukadhani ni miwani. Mapafu, ini na mifupa mingine ni safi. Wameiita daraja la 3.

Ami alipoambiwa alikaa kimya, akauliza swali moja tu: "Mtanipasua uso?" Daktari akasema hapana. Sehemu ile kisu hakifiki vizuri na si dawa ya kwanza. Dawa ni mionzi, na ugonjwa huu unaisikia mionzi kuliko saratani nyingi za kichwa na shingo. Siku tano kwa wiki, karibu wiki saba, pamoja na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Tunakwenda Nairobi. Niliona mabega ya ami yakishuka kama mtu aliyetua gunia.

Kabla ya kuanza: meno kwanza. Jino bovu ling'olewe sasa, si baada ya mionzi, kwa sababu taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri. Yamemtoka mawili. Kisha kipimo cha kusikia, maana dawa ya kemo anayopewa inaweza kudhuru masikio na yeye amebakiwa na moja. Na miezi kama mitatu baada ya kumaliza, ule mpira mweusi utarudi puani kutazama kishimo.

fundi_matondoni, ami anakusalimu. Amesoma ulichoandika kuhusu chuma. Anasema jahazi likivuja lazima ubandue ubao uone mdudu amekula wapi, na wewe fundi umeelewa.

#18 fundi_matondoni

Nimeelewa. Salamu zimefika. Mwambie ule mtumbwi wake nimeuvuta juu nikaufunika makuti, jua lisiupasue.

#19 mkaa_kimya

Mimi sijawahi kuchangia humu. Nimesoma uzi huu mara mbili, kisha nikampigia mamangu, yuko Faza. Sikio lake ni la kulia. Anasema lina miezi mitano. Nimemuuliza kuhusu kamasi, akanyamaza, halafu akasema, "Nani kakwambia?"

#20 mwana_barani

Mteremshe. Achukue karatasi zote za hospitali, hata kuukuu, na vidonge vyote anavyokunywa mtie kwenye mfuko mmoja, hata vile anavyosema si dawa. Mkifika Malindi usiku mnalala kwangu, nakutumia namba faragha.

#21 mkaa_kimya

Ahsante. Boti ni alfajiri.